Naacha ajira ya studio, naanza kupiga picha za watu kwa mwanga wa asili: mimba, arobaini, mahafali, wastaafu. Nianzie wapi?

MbagalaPicha

Habari za muda huu wakuu.

Mwisho wa mwezi natoka kwenye ajira ya studio na kuanza kujitegemea. Mtaji hautoshi kukodi chumba wala kununua taa, kwa hiyo nitawafuata wateja majumbani na kupiga kwa jua na dirisha. Ninaowalenga ni watu ambao maisha yao yanageuka: mjamzito, mama aliyetoka arobaini, mhitimu, anayestaafu, na familia inayotaka picha nzuri ya bibi au babu angali yupo. Nipo Dar.

Vifaa: kamera ya APS-C (sensa yake ni ndogo kuliko ya fremu kamili) ya megapikseli 24, lenzi ya 50mm f/1.8, ile 18-55mm iliyokuja na kamera, betri mbili, kadi mbili za GB 64. Rifleta (ubao wa kurudisha mwanga) sina.

Ninapokwama ni hapa. Mafunzo mengi ya mtandaoni ni ya Ulaya, wanasema piga "saa ya dhahabu" (mwanga wa njano jua likiwa chini) kana kwamba ni saa nzima, na huku jua likishuka limeshuka. Ndani ya nyumba zetu kuna nondo, wavu wa mbu na vioo vya rangi. Ngozi nyeusi na gauni jeupe kwenye fremu moja vinanishinda, kimoja lazima kiharibike. Halafu bei na makubaliano na mteja, sijui pa kuanzia.

Naomba wenye uzoefu mnipe vitu vya kufanya, siyo "jiamini mkuu".

---

Kivuli_cha_Mwembe

Mkuu, anza na jua lenyewe kwa sababu hilo ndilo taa yako.

Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hapa linapanda na kushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga wa njano wa chini kabisa unaupata kwa dakika 25 hivi, ukivuta sana 40. Ulaya kaskazini jua hushuka kwa kulala, ndiyo maana wao wanaongelea saa nzima na zaidi. Usipange kikao kizima ndani ya hizo dakika 25. Panga picha tatu au nne za mwisho tu, na kila kitu kingine kiwe kimeshapigwa kivulini. Machweo Dar hayatoki nje ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Juni na mwanzoni mwa Novemba ni mapema, mwisho wa Januari ndiyo yanachelewa zaidi. Baada ya jua kuzama unabaki na dakika kama 20 za mwanga laini usio na kivuli, ambao watu wengi wanaupoteza wakifunga begi.

Kwa jua la wazi kipimo changu ni kivuli cha mteja chini. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mtu mwenyewe, jua lipo chini ya nyuzi 45 na mwanga unaingia machoni. Kikiwa kifupi, paji la uso linaziba macho na unapata mashimo mawili meusi. Dar mpaka huo unaufikia kati ya saa 3:10 na saa 4:05 asubuhi kutegemea mwezi, Oktoba mapema zaidi, Juni kwa kuchelewa. Mchana kivuli kinarefuka tena kuanzia saa 8:40 kwa Juni, na saa 9:15 hivi kwa Oktoba mpaka Desemba. Katikati ya hapo usimtoe mtu juani. Tafuta kivuli.

Na kivuli siyo kivuli tu. Kivuli cha chini ya mti wenye matundu kinaleta madoadoa usoni, na hayo hakuna programu itakayoyatoa vizuri. Unachotaka ni kivuli kizima chenye mbingu wazi mbele yake: baraza, mlango wa gereji, upande wa nyumba usio na jua. Mweke mteja ndani ya kivuli, mita moja au moja na nusu tu kutoka pale kivuli kinapoishia, uso uelekee nje kwenye mwanga. Ukimrudisha ndani mita nne macho yanazima. Angalia mboni zake: ukiona umbo la mbingu limeng'aa sehemu ya juu ya jicho, upo sahihi. Usipoliona, msogeze.

Kitu kingine ambacho watu wa hapa hapa hawakijui. Kuanzia kama tarehe 10 Oktoba mpaka siku za mwanzo za Machi, jua la mchana linapita upande wa kusini wa Dar. Miezi mingine linapita kaskazini. Kwa hiyo dirisha la kusini linakupa mwanga laini mchana kutwa kuanzia Aprili hadi Septemba, na la kaskazini linakupa hivyo Novemba hadi Februari. Ukipanga miadi muulize mteja sebule yake imeelekea wapi, au akutumie pini ya nyumba uangalie kwenye ramani. Hizo tarehe mbili za kuvuka jua linakuwa utosini kabisa saa sita na ushee, nguzo inakosa kivuli. Siku hizo mchana lala.

Ardhi nayo ni taa. Simenti nyeupe au mchanga vinarusha mwanga chini ya kidevu, vizuri sana. Majani yanarusha kijani kwenye shingo na taya. Ukuta wa pinki wa jirani utampaka mteja pinki hata kama haupo kwenye picha. Kabla ya kubonyeza, nyoosha kiganja chako pale uso utakapokuwa na ukikague.

---

mama_lenzi

Kivuli kamaliza ya nje, mimi nibaki ndani maana wajawazito na wazazi ndiko waliko.

Ukifika nyumbani kwa mtu, zima taa zote za chumba hicho, hata kama wenyewe wanadhani unawasaidia kuziwasha. Taa ya njano na mwanga wa dirisha usoni kwa pamoja zinakupa shavu moja la chungwa na jingine la bluu. Balbu za LED za bei nafuu zina ubaya mwingine: umeme wetu ni wa 50 Hz, balbu inapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde unapata mistari myeusi imekatiza picha. Ukilazimika kuiacha taa, rudi 1/100 au 1/50.

Madirisha ya aluminiamu: kioo cha bluu, kijani au kahawia sukuma kando kabisa. Usijidanganye kwamba utarekebisha rangi baadaye, kwa sababu mlango ukiwa wazi unaleta mwanga wa rangi nyingine, na huwezi kurekebisha viwili kwa mpigo. Wavu wa mbu unakula mwanga, mara nyingi stopu nzima (yaani nusu ya mwanga) ukiwa na vumbi, lakini unaulainisha. Uache kama mwanga unatosha, utoe kama umefungwa kwenye fremu ya dirisha inayochomoka. Nondo hazina shida mpaka jua lipige moja kwa moja, hapo zinachora ngazi usoni. Pazia jeupe jepesi la shilingi elfu chache, mita 2 kwa mita 2, na vibanio sita vya nguo: hiyo ndiyo difuza yako, ya kulainisha mwanga.

Mahali pa kumweka mtu: dirisha liwe pembeni yake, mwili umegeuka kidogo kulielekea, umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Akilisogelea sana upande wa mbali unakuwa giza, akienda mbali mwanga unapungua na unakuwa bapa. Usimpige ukiwa umelipa dirisha mgongo, utamzibia mwanga kwa mwili wako.

Mjamzito. Wiki ya 28 hadi ya 34 ndiyo nafasi yako. Kabla ya hapo wengi tumbo halijachomoza vya kutosha, baada ya hapo miguu imevimba na anachoka. Usikubali miadi ya wiki ya 36 kwa sababu mvua ikinyesha huna pa kuahirishia. Tumbo linaonekana kwa kivuli, siyo kwa mwanga: dirisha la pembeni kabisa au nyuma kidogo ya bega lake, na upande wa pili weka kitu cheusi kinyonye mwanga. Kitenge cheusi, baibui, blanketi, chochote, karibu na mwili bila kuingia kwenye fremu. Watu wanakimbilia rifleta kila mahali halafu tumbo linapotea. Asilale chali muda mrefu, uzito wa mtoto unabana mshipa mkubwa wa damu na anaweza kuzimia. Alalie ubavu wa kushoto, au mto chini ya kiuno. Kiti kiwepo, maji yawepo, saa moja inatosha.

Arobaini. Hapa ndipo mafunzo ya nje yanapotea kabisa. Wao wanapiga mtoto wa siku 5 hadi 14, bado anajikunja na kulala fofofo. Kwetu mara nyingi utaitwa siku ya arobaini, mtoto ana wiki karibu sita, hajikunji, halali kwa ratiba yako, na pengine ana vipele vya usoni. Sahau vikapu na kumkunja kama chura (hata zile picha za chura ni picha mbili zilizounganishwa, mkono wa mtu umefutwa, hakuna mtoto anayekaa vile mwenyewe). Faida yako ni kwamba umri huo ndio anaanza kumtabasamia mtu anayeongea naye. Mpige mikononi mwa mama, bibi au baba, wao wakiongea naye, wewe ukiwa usawa wa macho yake. Shingo bado haijakaza, kwa hiyo mkono wa mtu nyuma ya kichwa muda wote.

Akilazwa kitandani, utosi wake uelekee dirisha kwa mshazari, ili kivuli cha pua kishuke kuelekea mdomoni. Miguu ikielekea dirisha mwanga unapanda toka kidevuni na mtoto anatisha. Wengi wanakosea hapa kwa sababu kitanda ndivyo kilivyowekwa. Mgeuze mtoto basi, kitanda kiache. Usimpige kwa juu bila mkanda wa kamera shingoni. Nawa mikono ukifika, na ukiwa na mafua ahirisha, mama ataelewa.

Wanja kwenye nyusi au paji la uso, na uzi mkononi, usivifute kwenye kuhariri bila kuuliza. Wengine ndivyo wanavyotaka mtoto wao akumbukwe. Na uliza mapema kama sura ya mtoto itaonekana mtandaoni, familia nyingi hazitaki.

Kwa lenzi yako: 50mm kwenye APS-C ni kama 75 hadi 80mm kwenye fremu kamili, nzuri kwa kifua kwenda juu, ila kwenye vyumba vidogo utagonga ukuta. Hapo tumia 18-55 kwenye 35 hivi. Usipige sura kwa 18 ukiwa karibu, pua inakuwa kubwa kuliko mwenyewe.

---

MbagalaPicha

Mama lenzi na Kivuli, nashukuru sana, hapa tayari nimepata mambo ambayo sikuyaona popote.

Nibanze kwenye ngozi na nguo. Mteja mweusi wa kung'aa, gauni la mimba jeupe la lesi. Nikipima mwanga usoni gauni linakuwa bati jeupe lisilo na nyuzi. Nikipima gauni sura inazama. Nirekebishe kwenye kamera au nimwambie abadili nguo?

---

FundiKadi

Usimbadilishe nguo, mbadilishe anavyokaa.

Kwanza elewa kamera inafikiria nini. Kipima mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Uso mweusi ukijaza fremu kinadhani kuna giza, kinaongeza, ngozi inakuwa ya majivu na hailaiti (sehemu zinazong'aa) za pua zinaungua. Hapo shusha kati ya 2/3 na stopu 1. Mtu huyo huyo akisimama mbele ya mbingu nyeupe, kamera inapunguza na uso unapotea, hapo pandisha 1 hadi 1 na 2/3. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia "ngozi nyeusi ongeza mwanga" au "punguza mwanga" bila kuuliza nyuma yake kuna nini, mpuuze.

Kwa gauni jeupe: mwanga wa dirisha unapiga vitu vyote viwili sawasawa, lakini lesi nyeupe inarudisha mwanga mara kadhaa kuliko ngozi. Kwa hiyo usiruhusu vipate sawa. Geuza kifua chake kitoke kwenye dirisha, kielekee ndani ya chumba, halafu arudishe uso peke yake kuelekea dirishani. Uso unapata mwanga kamili, gauni linaupata kwa kuparuza, na hapo hapo nyuzi za lesi zinatokeza kwa sababu mwanga wa kuparuza ndio unaoonyesha kitambaa. Ikibidi, pazia lile la mama lenzi likunje mara mbili na uzibe nusu ya chini ya dirisha tu, sehemu inayopiga gauni. Uso unabaki na nusu ya juu iliyo wazi. Hiyo inaweza kukuokolea karibu stopu nzima.

Kisha piga RAW (faili ghafi), M (unapanga kila kitu mwenyewe), kwa mpangilio huu wa kuanzia chumba chenye dirisha zuri: tundu la lenzi f/2.8, shata 1/200, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400 hadi 800. Washa alama ya hailaiti kwenye skrini, ile inayomweka nyeusi na nyeupe. Pandisha ISO mpaka gauni lianze kumweka kwenye mikunjo, rudi hatua moja ya 1/3, ishia hapo. Uso ukionekana umezama kidogo usiogope, RAW ya kamera yako inavumilia kuinua vivuli stopu moja bila chenga (punje punje) za maana ukiwa ISO 800 kushuka chini. Weupe uliokwisha kuungua haurudi. Usiamini ung'avu wa skrini ya kamera ukiwa nje, angalia histogramu (grafu ya mwanga).

Hapa natofautiana kidogo na waliotangulia kuhusu rifleta. Nyeusi kwa tumbo, sawa. Lakini kwa uso wa ngozi nyeusi unahitaji kitu cheupe kikubwa upande wa kivuli, kwa sababu ngozi nyeusi inaonyesha umbo kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Shuka jeupe lililotandikwa kwenye kochi la pili linachora mstari wa mwanga kwenye shavu na mfupa wa taya. Karatasi ngumu ya foamu ya A1, nyeupe upande mmoja na umeipaka nyeusi wa pili, inafanya kazi zote mbili. Rifleta ya fedha iache, inawasha kama kioo na mteja anafinya macho.

Jasho na mafuta: fyonza kwa tishu, usiongeze poda isiyo rangi yake. Poda yenye weupe inatoa jivu kwenye kamera hata kama kwa macho haionekani. Mikono na mabega, kinyume chake, yakiwa makavu yanatoka ya kijivu, kwa hiyo mafuta kidogo.

Rangi: piga fremu moja ya kadi ya kijivu kila unapobadilisha mahali, sekunde tano tu. Waiti balansi (urekebishaji wa rangi ya mwanga) ya kujiendesha ikiona kitenge cha bluu inaongeza njano kwa kila mtu. Ukikosa kadi weka Kelvin 5,300 juani na 6,500 hadi 7,500 kivulini, uanzie hapo.

f/1.8 kwa sura kubwa inakupa jicho moja kali na la pili ukungu. f/2.8 mtu mmoja, f/4 wawili wakiwa bega kwa bega, f/5.6 familia.

Mhitimu: joho ni jeusi, kofia ina ukingo wa bapa unaoziba macho kama paa. Usipige mchana wazi hata kidogo, na kivulini msimamishe kwenye simenti nyeupe inayorusha mwanga juu. Kofia isogezwe nyuma kidogo paji lionekane, kidevu kiinuke sentimita mbili. Na umpime mwanga usoni, joho likizama lizame.

---

Nyali_Picha

Salama wakuu, mimi niko Mombasa lakini bahari ni ile ile.

Hakuna aliyetaja unyevu. Ukitoka chumba chenye AC ukaenda nje, lenzi inafunga ukungu mara moja, na ukiipangusa unapanga chumvi na vumbi juu ya kioo. Ukikaribia kufika, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ilingane na joto la nje, ndipo ufungue. Nyumbani usiihifadhi kwenye begi la ngozi kabatini. Pwani lenzi inaota kuvu kwa ndani, nyuzi nyeupe kama utando, na kusafisha ni kufungua lenzi nzima. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pakiti za silika, na kipima unyevu kidogo: lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikilowa ikaushe kwenye sufuria moto mdogo. Ukitoka kupiga ufuoni, ipanguse kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo ya chumvi kwanza, kikavu baadaye, usianze na kikavu.

Mitaa ya Mji wa Kale hapa, na Mji Mkongwe kule Unguja, inakupa kitu ambacho mtaa mpana hauna: saa sita mchana jua linapiga ukuta mmoja wa chokaa na ukuta huo unamwangazia aliyesimama upande wa pili. Ni dirisha la ghorofa mbili bure. Mweke mtu kwenye kibaraza upande wa kivuli, tazama ukuta wa mbele kama ni mweupe au umepakwa rangi. Na ombeni ruhusa kwa wenye nyumba, watu wanaishi pale.

Idhini sasa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na nyinyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Si mchezo: mwaka 2023 huku kwetu shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja 1,850,000 kwa picha ya mteja. Karatasi yako iwe na visanduku viwili tofauti. Cha kwanza: nakubali kupigwa na kukabidhiwa picha. Cha pili: nakubali mpiga picha aziweke mtandaoni. Mtu anaweza kutia sahihi cha kwanza akaacha cha pili na kazi ikaendelea. Kwa mtoto asaini mzazi. Akibadili nia baadaye, unaiondoa, hamna mjadala.

---

hesabu_kwanza

Wote wameongea taa, mimi niongee tumbo lako wewe.

Kikao kimoja ni muda gani? Maongezi ya WhatsApp nusu saa, kwenda na kurudi saa 2 na foleni, kupiga saa 1 na nusu, kunakili na kuchagua saa 1, kuhariri picha 20 kwa dakika 8 kila moja ni saa 2 na dakika 40, kukabidhi nusu saa. Saa 8 na kidogo. Yaani kikao kimoja ni siku nzima ya kazi, na wewe ulitaka kuchaji kama kazi ya saa moja na nusu.

Tuseme nyumbani unahitaji 900,000 kwa mwezi. Usafiri 120,000, bando 60,000, matangazo 30,000, umeme na vocha 50,000. Kamera, lenzi na kompyuta vina thamani ya 4,800,000 na vitachoka kwa miaka 4, hiyo ni 100,000 ya kuweka pembeni kila mwezi. Jumla 1,260,000. Piga hesabu kwa vikao 8, usipige kwa 15. Inakuja 157,500. Chini ya hapo unakula kamera yako polepole. Badilisha namba zangu kwa zako, mfumo ndio huo.

Miezi haifanani. Novemba na Desemba kuna mahafali. Ramadhani na Kwaresma sherehe zinapungua, Januari kila mtu ana ada za shule. Wajawazito hawana msimu, ndiyo maana ni kazi nzuri ya kushikilia mwaka.

Advansi nusu wakati wa kushika tarehe, salio siku ya kupiga kabla hujaondoka, siyo baada ya picha kuwa tayari. Kuahirisha mara moja bure kwa mvua au ugonjwa, mara ya pili advansi mpya. Andika idadi ya picha zilizohaririwa, siku za kukabidhi, na kwamba zile ghafi hazitolewi. Usipoandika utaombwa "zote tu kaka, hata zisizoeditiwa."

Karatasi za serikali: TIN (namba ya mlipa kodi) ya TRA, jina la biashara BRELA (wasajili wa biashara), leseni ya halmashauri. Ukifanya kazi ya kampuni, mfano picha za wastaafu wao, watakukata kodi ya zuio asilimia 5. Dai cheti chake, ni kodi uliyokwisha kulipa na inahesabiwa mwisho wa mwaka. Na kwa kuwa ajira inaisha, mchango wa NSSF nao unakatika. Kuna utaratibu wa waliojiajiri kuchangia wenyewe, nenda kaulize kabla hujasahau.

---

MbagalaPicha

Hii thread naichapisha nibandike ukutani. La mwisho: wazee. Miwani inawaka dirisha, na wakichapishiwa picha zinatoka nyeusi kuliko nilivyoziona.

---

mama_lenzi

Miwani: usimvue, uso wake bila miwani siyo uso ambao wajukuu wanaujua. Inua mikono ya miwani sentimita moja juu ya masikio, vioo viiname chini kidogo. Kama bado, mgeuze yeye, au wewe panda juu kidogo. Dirisha likiwa pembeni karibu nyuzi 90 huwa linatoka lenyewe.

Mwanga wa pembeni unachonga kila kunyanzi. Wapo wazee wanaojivunia hilo, na wapo akina bibi watakaokuchukia. Onyesha picha mbili za kwanza kwenye skrini, moja ya pembeni na moja amelielekea dirisha, achague mwenyewe. Kiti kiwe na mikono na kisizame, kochi linamkunja. Mikono yake ipige peke yake pia, karibu, kabla hajachoka. Na mjane aliye kwenye eda usimfuate na ofa ya picha, subiri familia ikutafute.

---

FundiKadi

Kuhusu kuchapisha: skrini yako ina mwanga mkali kuliko karatasi. Shusha ung'avu wa kompyuta mpaka karatasi nyeupe iliyo pembeni yake dirishani ifanane na ukurasa mweupe kwenye skrini, uhariri hapo. Kabla ya kazi kubwa chapisha ndogo ya 4×6 mara tatu: kama ilivyo, imepandishwa mwanga 1/3 ya stopu na imepandishwa 1/2, andika nyuma, linganisha mchana dirishani. Ngozi nyeusi ndiyo inayozama kwanza, kwa hiyo chagua kwa kuangalia shavu la upande wa kivuli, siyo nguo. Faili iwe kwenye mfumo wa rangi wa sRGB, na kwa inchi 8×10 uwe na angalau pikseli 2400 kwa 3000.

Usimtumie mwenye maabara ya kuchapisha picha kwa WhatsApp ya kawaida, inapunguzwa. Itume kama dokumenti, au peleka flashi. Na kadi usiifute mpaka uwe na nakala mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yako.

---

MbagalaPicha

Nimeelewa, nitaanza na hizo 4×6 tatu. Kivuli, sebule ya mteja wangu wa kwanza ina dirisha la magharibi tu, ni Agosti, anataka jioni.

---

Kivuli_cha_Mwembe

Usikubali jioni. Agosti dirisha la magharibi linaanza kupigwa na jua moja kwa moja baada ya saa sita mchana, na kufika saa kumi linaingia hadi katikati ya chumba. Mwambie saa 3 hadi saa 5 asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, dirisha hilo hilo linakuwa laini. Akishikilia jioni, funga pazia jeupe kwa vibanio dirisha zima, mweke mita mbili kutoka hapo, na uwahi kumaliza kabla ya saa 11 na nusu kama kuna nyumba au ukuta mbele yake, maana jua likishajificha huko mwanga unaanguka haraka.